Kitengo cha Muhali

Haikuwa zamani, wala haikuwa kale. Ilikuwa juzi juzi tu, simu zipo, bando zipo, na nchi yenyewe ipo mpaka leo, ila jina lake tuliache, maana wenyewe hawapendi kutajwa kabla itifaki haijazingatiwa.

Basi katika nchi hiyo, siku moja, jani la mkungu, jani kavu tu lililojichokea zake, lilidondoka kwenye kioo cha mbele cha gari la Mheshimiwa Sana wakati msafara unapita. Mheshimiwa Sana akashtuka. Akadhani ni maoni ya wananchi.

Jamani! Wiki ile ile miti yote ya barabarani ikakatwa. Mikungu, mivinje, mikrismasi, hata mlimao wa watu uliokuwa umechungulia kidogo tu juu ya ukuta ukakatwa kichwa. Msemaji wa serikali akatokea kwenye runinga, shingo imebanwa na tai, akasema miti haijakatwa, miti imepumzishwa. Ikabaki ile ya ndani ya nyua za zahanati na shule, kwa sababu msafara haupiti humo.

Jua likaingia mjini kama mgeni aliyekaribishwa akapewa na funguo. Watu wakawa wanatembea wamebana kuta kama mijusi. Kituoni, abiria wanajipanga mstari mmoja mwembamba nyuma ya nguzo ya umeme, kila mmoja amesimama kwenye kivuli cha nguzo ile, na kivuli kikisogea, mstari mzima unasogea nacho, kimya kimya, kama wanacheza gwaride.

Ndipo Waziri wa Fursa akasimama bungeni.

“Mheshimiwa Spika,” akasema, “wengine wanaona jua. Mimi naona soko.”

Wabunge wakagonga meza mpaka moja ikavunjika mguu. Siku hiyo hiyo likazaliwa Shirika la Kivuli la Taifa, SHIKITA kwa kifupi, lenye bodi, lenye magari, lenye wimbo wake, lenye kila kitu isipokuwa kivuli. Kivuli, alisema Waziri, kipo kwenye mchakato. Ila mauzo yataanza mara moja, maana mteja hangoji.

Vikatoka vifurushi. Bando la Asubuhi kwa wanaowahi kazini. Bando la Adhuhuri. Bando la Familia. Na bando kubwa kuliko yote, Kivuli Bila Kikomo, ambalo kikomo chake kilikuwa saa tisa alasiri. Ukinunua, unapata ujumbe kwenye simu: *Hongera! Umeunganishwa na kivuli.* Basi. Hicho ndicho kivuli chenyewe. Unakaa nacho juani unakisoma, huku umekinga kioo kwa kiganja, maana jua halikuachii uone maandishi.

Sasa wa kuuza hayo nani? Mtu mzima na akili zake hawezi kumtazama mwenzake usoni akamuuzia hewa ya moto. Wakafikiriwa wanafunzi wa vyuo.

*

Kidawa alikuwa mwaka wa mwisho, Shahada ya Masoko na Mauzo, na nchi ile huvai joho bila kwenda fildi. Fildi ni ile unaenda ofisini kwa watu, unajifunza kazi kwa vitendo, halafu bosi anakupigia muhuri kwamba umejifunza. Kidawa alishazunguka mji mzima. Kampuni za sabuni, kampuni za maji ya chupa, kampuni za magodoro, kote aliambiwa “tutakupigia,” mpaka akawa anaoga na simu iko dirishani.

Mtu ambaye alikuwa hajachoka kumngojea ni shangazi yake, Bi Mashavu, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu meno ya utotoni hayajang'oka. Bi Mashavu alikuwa anauza vitumbua nje ya zahanati, pembeni ya barabara, chini ya mkungu. Mkungu ulipopumzishwa, akachomeka fito nne, akatandaza kanga juu, maisha yakaendelea. Uani mwa zahanati mlikuwa na mti mmoja tu na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo akina mama waliobeba watoto wenye homa wakawa wanajibanza kwenye kanga ya Bi Mashavu, naye anawasogezea mkeka na kuwagombeza kwa mapenzi: “Mfunike kichwa huyo, unamchoma kama muhogo!”

SHIKITA walipomwita Kidawa kwenye usaili, aliazima suti ya rafiki yake wa bwenini, akakariri nadharia zote mpaka zile ambazo mwalimu mwenyewe aliziruka. Akaingizwa chumba chenye ubaridi wa mochwari. Mezani amekaa Dokta Mlekwa, Mkuu wa Kitengo cha Muhali. Udokta alipewa kwa heshima, na chuo ambacho mwenyekiti wa bodi yake ni yeye.

“Binti,” akasema Dokta, “una mashangazi wangapi?”

“Samahani, Dokta?”

“Mashangazi. Wajomba. Mama wadogo. Baba wakubwa. Tuanze na walio hai.”

“Dokta, mimi nilijiandaa kuzungumzia jinsi ya kuligawanya soko...”

“Si ndilo tunaligawanya hapa? Kwenye harusi za kwenu, wewe unakaa meza za mbele, au uko nyuma kwa wapishi?”

Kidawa akaona aibu. “Nyuma kwa wapishi, Dokta.”

“Safi sana! Wa meza za mbele wanajulikana. Wa kwa wapishi wanapendwa. Grupu la ukoo lina watu wengi?”

“Limejaa, Dokta. Wengine wanangoja mtu afe ndiyo waingie.”

“Na wewe ukiandika ‘shikamooni jamani,’ wanaitika?”

“Wote. Mpaka waliokorofishana.”

Dokta Mlekwa akavua miwani, akafuta macho kwa leso. “Binti,” akasema kwa sauti nzito, “karibu SHIKITA.”

Nyuma yake aliingia Nyamizi, msichana aliyekuwa anaongoza darasa zima, anayejua soko kama mwingine anavyojua njia ya kwao. Lakini Nyamizi alikuwa yatima, ametoka mbali, na mjini hana hata mtu wa kumjibu akipiga chafya. Hakumaliza hata dakika za kupashia kiti joto. “Ana akili sana yule,” Dokta alimwambia katibu wake, anasikitika kabisa, “lakini jamani, nani atamwonea haya?”

*

Semina elekezi ilifanyika ukumbini, na maji ya chupa, na mabango. Matarajali, yaani wanafunzi wa fildi, wakavishwa fulana za kijani. Dokta Mlekwa akapanda jukwaani huku wimbo wa shirika unapigwa, akangoja uishe, akangoja upigwe tena.

“Vijana! Vitabu vya wenzetu vinasema biashara ina nguzo nne: bidhaa, bei, mahali, na matangazo. Sisi, kwa utafiti wetu wenyewe, kwa fedha zetu za ndani, tumegundua nguzo ya tano. Muhali!” Makofi. “Yaani ile hali ya mtu kushindwa kukwambia hapana, kwa sababu alikubeba mgongoni, au kwa sababu mama yako alimkatia vitunguu kwenye msiba wa mume wake. Na baada ya kuigundua ya tano, zile nne tumezifuta!”

Makofi mengine, mpaka wahudumu wakaja kuchungulia.

“Kuna nchi zina mafuta. Kuna nchi zina dhahabu. Sisi tuna muhali. Upo mwingi, haujachimbwa, umelala tu kwenye koo zenu, mnautumia kuombana chumvi!”

Kijana mmoja, Lusajo, mrefu kama mlingoti na mwenye sura ya mtu anayeaminika, akanyoosha mkono. “Dokta, mteja akiuliza kivuli kiko wapi?”

Dokta akatabasamu kama baba. “Akiuliza, ujue umemuuzia mtu baki. Ndugu haulizi, kijana wangu. Ndugu anakuonea huruma.”

Halafu akashusha sauti. Akasema atakayeunganisha watu wengi kuliko wenzake atapewa ajira. Siyo fildi, siyo kibarua, siyo tutakupigia. Ajira yenyewe, ya kudumu, na kiti kinachozunguka. Shingo zote ukumbini zikanyooka kana kwamba malaika kapita na faili.

Kidawa akaiona picha yote pale pale: yeye kazini, shangazi nyumbani kakunja miguu kochini, chuma cha vitumbua kimegeuzwa sufuria ya kumwagilia bustani. Na hapo hapo akaweka nadhiri. Ukoo mzima atauuzia, hata wa mbali, hata wa kuunga kwa gundi. Lakini Bi Mashavu hataguswa. Kazi yenyewe anaitafuta ili amtoe yule mama juani. Atamuuziaje jua lake mwenyewe?

*

Akaanza na mama mkubwa. Alimkuta anachambua mchele.

“Ndicho ulichosomeshewa hiki, mwanangu?”

“Ndicho, mama mkubwa.”

“Haya, niunganishe. Usije ukafeli bure.”

Na wote wakawa wanasema hivyo hivyo, kama wamekaa kikao. Mama mdogo: usije ukafeli. Dobi aliyekuwa anamfulia babu: usije ukafeli. Kwenye kikao cha maandalizi ya harusi ya binamu yake, Kidawa alisimama wakati wa “mengineyo,” na kamati nzima ikaunganishwa kabla ya kugawana nani ataleta mapambo. Kwenye msiba alikaa jikoni, akakatakata nyama kwa bidii, akalia kilio cha haki, na wakati wa kunywa chai akawaunganisha waliotoka makaburini, maana ndio waliokuwa wameungua zaidi.

Kidawa alikuwa na kipaji, jamani, tusimnyime haki yake. Ila tatizo ni kwamba nchi nzima ilikuwa na wanafunzi, na kila mwanafunzi alikuwa na shangazi. Haikupita muda, shangazi wa huyu akawa ameuziwa na mtoto wa yule, na mjomba wa yule ameuziwa na watoto wake mwenyewe wawili wanaogombana. Ukialikwa harusini, kadi imeandikwa “njoo bila tarajali.” Mlangoni pa msiba anawekwa baba mmoja mkali, anakuuliza kabla hujavua viatu: “Umekuja kuzika, au umekuja kuuza?” Grupu la ukoo wa akina Kidawa, lililokuwa linachemka kutwa kwa dua na picha za watoto, likawa linaandika neno moja tu: *ametoka, ametoka, ametoka.*

Siku moja alienda kwa mjomba wake Bakame kumsalimia tu, hana hata fulana ya kazi. Akabisha hodi.

“Mjomba hayupo!” ikajibu sauti dirishani.

“Mjomba, si wewe unayeongea?”

“Ndiyo mimi! Na sipo!”

Kidawa alicheka njia nzima. Alipofika kituoni akagundua anafuta machozi, na siyo yale ya kucheka.

Wizara nayo ikaona mambo yanakwenda kombo. Ikatoa taarifa kwamba taifa linakabiliwa na upungufu wa muhali, kwamba muhali uliopo unafichwa na wahujumu, na kwamba wananchi wafanye sherehe zaidi, waamkiane kwa bidii na, inapobidi, wazaane.

*

Ukafika mwisho wa fildi. Dokta Mlekwa akawaita Kidawa na Lusajo ofisini. Walikuwa wamelingana sawasawa, wengine wote wako mbali huko nyuma. Lusajo alikuwa amekonda. Alishamuunganisha mpaka babu yake mgonjwa wa miguu, ambaye hajatoka ndani kwa miaka, kwenye nyumba yenye dari.

“Anayetangulia kuleta mmoja tu ndiye mwenye kiti,” akasema Dokta. “Lusajo?”

“Wameisha, Dokta.” Akainamia viatu vyake. “Bibi ananijibu kwa dole gumba tu la kwenye simu siku hizi.”

“Kidawa?”

“Na mimi wameisha.”

“Hapana. Uliwahi kuniambia kuna mtu alikulea.”

“Huyo hapana, Dokta. Huyo nimeapa.”

“Kuna mtu kakwambia umuuzie?” Dokta Mlekwa akashtuka kabisa, mkono kifuani. “Nenda kamsalimie. Mzazi anasalimiwa.”

Basi akaenda, moyoni anajiambia ni salamu tu. Mchana huo Bi Mashavu alikuwa chini ya kanga yake, mama mmoja kamlaza mtoto mkekani, vitumbua vinaiva vinanukia hiliki.

“Shikamoo shangazi.”

Kitumbua kikageuzwa.

“Shangazi, shikamoo!”

“Marahaba. Unamwamkia nani? Mimi na wewe ni ndugu?”

“Heee! Shangazi, nimekosa nini?”

“Usinihee mimi. Mama yako mkubwa umempelekea. Bakame umempelekea. Yule mke aliyeachana na Bakame, hata siyo wetu tena, umempelekea. Mpaka dobi, Kida! Dobi! Mimi nasikia kwa watu. Jana mtu ananionyesha simu hapa, ‘mwanao kaniunganisha,’ mimi najichekesha tu kama zuzu. Niseme nini? Kwamba mtoto niliyemlea kaona mimi sina hadhi?”

Mama wa mtoto mkekani akajifanya amelala na yeye.

“Shangazi, siyo hivyo.” Kidawa akachuchumaa, akashusha sauti. “Kile kivuli hakipo.”

“Hakipo kwangu. Kwa wenzangu kipo.”

“Hakipo popote! Ni ujumbe tu kwenye simu. Wewe unacho hiki hapa, cha kanga, kizuri, cha bure, watu wanapumua. Nilikuwa nakuepusha.”

Bi Mashavu akaweka chini kijiti cha kugeuzia.

“Kida. Mimi sijasoma, lakini siyo mjinga. Nani kakwambia nataka kivuli? Nataka watu wakiniuliza, na mimi niwe nimekushika mkono. Dunia nzima imekununulia. Halafu siku unakosa mmoja, huyo mmoja awe mimi?”

Kidawa akafungua mdomo aseme hapana. Haikutoka. Alisomea muhali kwenye semina, akauza muhali wa ukoo mzima mpaka ukakauka, na sasa uliobaki wote umemkaa kooni. Utamwambiaje hapana mtu aliyekufuta makamasi kwa pindo la nguo yake?

Bi Mashavu akafungua fundo la kanga ya kiunoni, akatoa hela, na Kidawa akamuunganisha. Simu yake ndogo ikalia.

“Nisomee.”

“*Hongera. Umeunganishwa na kivuli.*”

“Nisomee tena,” akasema, na akacheka kwa raha, akamtupia kitumbua cha moto kabisa. “Kula. Umekonda kama ufito.”

*

Kesho yake wakaja watu wa uhakiki, wawili, na jaketi za kijani na mashine inayolia *tii*. Wakaielekeza mashine kwa Bi Mashavu. Ikalia. Wakaielekeza juu kwenye kanga. Haikulia.

“Mama,” akasema mkubwa wao, kwa heshima zote, “hii kanga inaingiliana na mtandao.”

“Mtandao gani, baba?”

“Mteja halali wa shirika haruhusiwi kuchanganya kivuli rasmi na kivuli kisicho rasmi. Vinagongana. Ukiendelea kukaa humu itabidi tukufute.”

“Mkinifuta, na yule binti aliyeniunganisha?”

“Naye anafutwa. Na muhuri wa fildi hapati.”

Bi Mashavu hakungoja kusukumwa. Alipanda kwenye ndoo mwenyewe, akafungua vifundo vinne, akaikunja kanga vizuri kama ya kuwekea zawadi. Akina mama wakabeba watoto wao wakaenda kujipanga chini ya ukuta, na mmoja akageuka: “Bi Mashavu, umefanya nini sasa?”

“Nimehamia cha kisasa,” akajibu, akarudi kwenye chuma chake. Jasho likawa linadondokea kwenye mafuta, linalia *chwaa*.

Kidawa alipopata habari alikuja mbio, suti ya kuazima imempanda mabegani. “Shangazi, rudisha kanga! Naenda kwa Dokta sasa hivi, nakutoa kwenye mtandao.”

“Ukinitoa huko, na mimi nakutoa huku,” akasema Bi Mashavu, anajigonga kifuani. “Nenda. Unanizibia wateja.”

Wateja wenyewe hawakuwepo.

Na Kidawa akaenda. Alijiambia ni siku chache tu. Kiti kikishapatikana, atakuja kumchukua.

*

Sherehe ya kufunga fildi ilirushwa mubashara nchi nzima. Ukumbi ulikuwa na ubaridi kiasi kwamba wageni waalikwa walikohoa. Waziri wa Fursa alisema itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haijazingatiwa, izingatiwe kwamba imezingatiwa. Akasema pia kwamba watu wanaodai hawakioni kivuli wapimwe macho. Halafu akasema anataka kusikia kutoka kwa mteja halisi, mwananchi wa kawaida, asiyefundishwa cha kusema.

Bi Mashavu akapandishwa jukwaani, gauni lake la sikukuu, kanga mpya mabegani. Ngozi ya pua ilikuwa imebanduka, na mashavu yale aliyopewa jina kwa ajili yake yalikuwa yamewiva mpaka yana mabaka. Mpiga picha akaambiwa ampige kwa nyuma kidogo.

“Mama yangu mzazi,” akasema Waziri, “tuambie mbele ya taifa. Kivuli unakiona?”

Bi Mashavu akatafuta kwenye viti vya matarajali. Akamwona Kidawa amekaa ukingoni, vidole vimefumana.

“Nakiona, baba.”

“Kikoje?”

“Kipana.”

Ukumbi ukacheka kwa furaha. Kidawa akatikisa kichwa kidogo, kama kumwambia basi, inatosha, shuka. Lakini mama wa watu alishaona mtoto wake anatazamwa na kamera, akaona heri aongeze na chumvi.

“Kipana sana, baba. Mimi peke yangu hakiishi. Kinatosha mpaka wagonjwa wa pale zahanati.”

“Mpaka wagonjwa!” Waziri akaruka kutoka kitini. “Mmesikia? Siyo mimi, ni mwananchi! Sasa naomba kuuliza: ile miti tuliyoiacha kwenye nyua za zahanati na shule, kwa huruma tu, inafanya nini mle? Inatoa kivuli holela, bila usajili, inashindana na shirika la umma! Naagiza, na katibu aandike: kufikia Ijumaa, yote iwe imepumzishwa!”

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Bi Mashavu, kwa kuwa wote wanapiga, na yeye akapiga, macho hayamtoki Kidawa, anangoja kuambiwa kama amejibu vizuri.

Kidawa akatangazwa Tarajali Bora wa Taifa. Lusajo alimkumbatia akalia kwa kwikwi, na haikujulikana kama ni wivu au ni bibi yake. Cheo alichopewa Kidawa ni Afisa Uhakiki wa Kivuli, na jaketi juu. Kuhusu kile kiti kinachozunguka, aliambiwa maafisa uhakiki kazi yao ni ya kutembea, hawakai. Kuhusu mshahara, upo kwenye mchakato.

*

Jumatatu yake ya kwanza kazini alipangiwa barabara ya zahanati. Dokta Mlekwa alisema atapita na gari, vioo juu, amwone mwanafunzi wake akifanya kazi.

Uani hapakuwa na mti tena. Kisiki kilikuwa bado kinatoa maji. Wagonjwa walikuwa wamejibandika kwenye ukuta, na wale ambao ukuta haukuwatosha wamejitwisha kadi zao za kliniki kichwani. Bi Mashavu alikuwa pale pale pake, beseni la vitumbua limejaa tangu asubuhi, halijapungua hata kimoja.

“Ndiye huyo,” alikuwa anasema mama mmoja, bila kuificha sauti. “Huyo ndiye aliyesema kinatosha na sisi.”

“Muacheni ale vitumbua vyake,” akajibu mwingine. “Ajipepee na cheti cha mwanawe.”

Bi Mashavu alijifanya hasikii, anapanga vitumbua vilivyokwisha kupangwa. Kidawa akapita mbele ya macho yote yale na jaketi lake la kijani, akafika, akainama.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona limekupendeza hivyo?” Halafu akafumba macho, uso ukalegea wote kama wa mtoto aliyebebwa. “Aaah. Hapo hapo. Simama hapo hapo kidogo.”

Ndipo Kidawa akagundua amesimama kati ya jua na shangazi yake. Kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimemwangukia yule mama kichwani, mabegani, kikafika mpaka kwenye beseni. Hakutikisika. Mkono wake ukaanza kumnyookea ampanguse lile jasho.

Ng'ambo ya barabara gari likasimama. Kioo kikashuka taratibu. Alikuwa Dokta Mlekwa. Aliangalia chini tu, pale miguuni pa Kidawa, pale kivuli kisichosajiliwa kilipokuwa kinamwangukia mteja wa shirika.

Bi Mashavu akafumbua jicho moja. Akaliona gari.

“Sogea, Kida.”

“Shangazi...”

“Sogea, mwanangu. Kazi zenyewe hazipatikani.”

Kidawa akasogea.